Mjomba Gollo na Kisima cha Saa Tisa

Watu wa Garsen wakiulizwa juu ya mafuriko ya mwaka wa tisini na saba, husema habari za mahindi yaliyozama, vyoo vilivyoanguka na mbuzi waliosombwa. Ni kweli yote. Mimi nikiulizwa huona haya, maana kitu cha kwanza kinachonijia ni harufu ya buni ikipasuka ndani ya samli, na mjomba wangu Gollo amechuchumaa kando ya moto akilalamika kwamba moshi unamfuata yeye peke yake. Ningeambiwa nichague siku moja ya kuirudia, ningechagua moja ya siku zile, barabara ikiwa imekatika pande zote na hakuna wa kwenda popote.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni, mbali na mto. Hapa saa tisa alasiri hupigwa kengele ya michezo. Kila ikipigwa namkumbuka Mjomba.

Mjomba Gollo ni kaka yake mama, kitinda mimba wa Akko. Akko ndivyo sisi Waorma tunavyomwita bibi. Ni mrefu, mwembamba, na akitembea utadhani magoti yake yanatangulia. Zamani, kabla sijazaliwa na hata nilipokuwa mdogo, hapakuwa na mchungaji kama yeye. Aliweza kukaa amewapa ng'ombe mgongo, akakwambia kwa mlio wa kwato nani anapita.

Kuna jambo ni lazima nilieleze hapa. Sisi hatuhesabu ng'ombe. Mgeni akifika bomani akaanza kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, atanyamazishwa kwa adabu, na akiendelea atanyamazishwa bila adabu. Kumhesabu ng'ombe ni kuyaonyesha mauti njia. Kwa hiyo jioni mtu mmoja husimama langoni mwa zizi na kuwatazama wakiingia. Hamtafuti wa ngapi, anamtafuta nani. Wa mwisho akishaingia atasema, "Wapo," na boma zima linakwenda kunywa chai. Au atasema, "Mmoja hayupo," na hapo hakuna atakayekaa.

Langoni kwa Akko mtu huyo alikuwa Mjomba Gollo, tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Miraa aliianza kwa urafiki tu. Pale mjini kulikuwa na Mwaringa, Mgiriama, fundi wa baiskeli, mfupi, mcheshi, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Mjomba alipeleka baiskeli kuzibwa pancha, akakaa kungoja, akapewa vijiti viwili avionje. Baiskeli ilizibwa siku ileile. Mjomba alikaa miaka mitatu.

Gari la miraa lilikuja kutoka upande wa Malindi, saa tisa, honi ikisikika kabla vumbi halijaonekana. Wenzake wote walikuwa wameshakaa juu ya magurudumu makuukuu, chupa ya chai ya rangi katikati, bigijii, ule ubani wa kutafunia, mkononi. Mjomba aliufuga ukucha wa dole gumba uwe mrefu, kwa kumenyea tu. Halafu ikiingia ile raha yao wanayoiita handasi, maneno yalianza kumiminika. Kufikia magharibi walikuwa wamechimba mfereji kutoka mtoni, wamenunua lori, na wameoza mabinti ambao hawajazaliwa. Nikitumwa dukani nilipita polepole makusudi, nisikilize. Walinifurahisha sana. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa anachekesha na anaumia kwa wakati mmoja.

Maana nyumbani alirudi na macho makavu, chakula hakitaki, usingizi hauji mpaka alfajiri. Ng'ombe walipotakiwa kutoka asubuhi ndipo yeye alikuwa anaanza kukoroma.

Jioni moja mwaka wa tisini na sita alisimama langoni, macho yanang'aa kama taa za gari. Akasema, "Wapo," wa mwisho bado hajaingia. Tukaenda kunywa chai. Asubuhi tukaona Daalati hayupo. Daalati alikuwa ng'ombe wangu wa kitovu, yule ndama niliyepewa nilipozaliwa, wa kijivu, mpole. Fisi walikuwa wamemmaliza kwenye vichaka. Tulirudi na kengele yake ya mti.

"Nilimwona!" Mjomba alilia. "Wallahi Bishara, nilimwona akiingia. Alinigusa na mkia!"

Bishara ni mama yangu. Mimi nilimtazama Mjomba, na kilichonitisha ni kwamba hakuwa anadanganya. Kweli alimwona.

Akko alinyoosha mkono. "Lete fimbo."

Mwanamume wa Kiorma bila fimbo yake ni kama amevuliwa nguo sokoni. Mjomba aliitoa.

"Macho yako umeyaazimisha," Akko alisema. "Yakirudi, njoo uchukue fimbo yako."

Akaichomeka juu, kwenye paa la nyumba yake, pamoja na kengele ya Daalati. Kuanzia siku hiyo mama ndiye aliyesimama langoni. Mjomba alichunga wiki moja na kijiti alichokivunja kichakani, watoto wakamcheka, akaacha kuchunga kabisa. Miraa hakuacha. Yaani aliacha, mara saba ninazozijua mimi. Aliapa Ijumaa, Jumamosi honi ikalia. Kila akirudi Akko alimsema, na alimsema vizuri, Akko alikuwa na mdomo, maneno yake yangeweza kuchuna ngozi. Mjomba aliinamisha kichwa, akakubali yote. Kesho yake saa nane na nusu anatafuta viatu.

Ndipo likaja lile jimvua.

Boma la Akko liko pembeni mwa Garsen, mahali palipoinuka kidogo, na maji yalipopanda tulijikuta kisiwani. Ng'ombe tulibaki nao, sitasema wangapi. Wachache. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Hola ikakatika, shule zikafungwa, helikopta za msaada zikawa zinapita juu na watoto wanazipungia. Miraa nayo haikuja.

Sasa, mwalimu wetu wa bailojia alikuwa ametupa kazi: chagua kiumbe mmoja, mtazame kila siku, andika unachokiona tu, usiandike unachofikiri. Mimi nilikuwa nimemchagua kuku wetu mweupe. Nilimwandika siku nne, siku ya tano maji yakamchukua. Nikatafuta kiumbe mwingine aliye karibu. Mjomba alikuwa karibu.

Daftari lile bado ninalo. Linasema hivi:

Siku ya kwanza bila miraa, amelala mchana kutwa. Siku ya pili, amelala. Ameamka, amekula ugali wa watu watatu, amelala. Siku ya nne, kichwa kinamuuma, amegombana na mbuzi. Mbuzi alikuwa na haki. (Hapa nilikosea, nilifikiri.) Siku ya tano, ameota anafukuzwa na mtu asiye na kichwa, ameogopa kulala tena. Siku ya saba, hagombani na mtu. Anakula vizuri. Saa tisa ameondoka.

Siku ya nane, saa tisa ameondoka. Siku ya tisa, saa tisa ameondoka.

Nilishangaa. Aondoke aende wapi, na sisi tumezungukwa? Siku ya kumi nikamfuata. Alivuka maji ya magoti, akashika njia ya mjini, akaenda mpaka pale barabara ya Malindi inapoingia majini ikapotea. Akasimama. Mwaringa alikuwepo, ameshika pampu ya baiskeli, baiskeli yenyewe haipo.

"Bwana Gollo. Umekuja kufanya nini?"

"Natazama maji."

"Na mimi natazama maji."

"Yamepungua?"

"Yameongezeka."

Gogo lilipita katikati ya barabara, likielea.

"Saa hizi angekuwa anakata ile kona," Mwaringa alisema.

"Yule dereva hukawia siku za Jumanne."

"Leo Jumatatu, mwenehu," Mwaringa alisema, yaani ndugu yangu.

"Basi angekuwa ameshafika."

Walisimama vile mpaka jua likainama, kisha kila mtu akarudi kwake bila kuagana. Nilikimbia kumwambia Akko. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka ghafla, akakaa anakuna majivu kwa kijiti.

"Nuria," aliniambia, "mwaka wa kiangazi kikubwa kisima chetu kilikauka. Ng'ombe wakawa wanakwenda palepale kila alasiri, wananusa mchanga. Mimi nilikuwa nawapiga. Nawapiga, kesho wanarudi. Babu yako akaniambia, waache, wewe mwanamke, saa hii hawajui njia nyingine. Akachimba kisima kwingine. Akawa anawapeleka kabla ya saa yenyewe kufika, kabla hawajakumbuka kile cha zamani."

"Wakakisahau?"

"Ng'ombe hasahau kisima. Lakini walikunywa kule."

Akakuna majivu tena. "Na mimi mwanangu nimempiga kwa mdomo miaka mitatu."

Kesho yake, saa nane na nusu, Mjomba akitafuta viatu vyake, Akko alikuwa ameshawasha moto. Akateremsha kibuyu cha samli alichokuwa amekificha, na mfuko wa buni kavu zenye maganda yake. Nyinyi ambao hamjaila buna niwaeleze: ncha ya kila punje hung'atwa kwa meno kwanza, punje moja moja, kisha zinakaangwa ndani ya samli mpaka zipasuke, tah! tah!, harufu inafika kwa jirani, halafu yanamiminwa maziwa juu. Ukishakunywa unatafuna punje zenyewe. Ni chungu, ni tamu, na kinywa kinabaki na kazi muda mrefu.

"Gollo, kaa hapa. Meno yangu hayafai tena. Ning'atie hizi."

"Mama, hii ni kazi ya wanawake."

"Na kutazama maji ni kazi ya nani?"

Mjomba alikaa. Alipomaliza kung'ata saa tisa ilikuwa imepita bila kumuaga. Saa kumi na nusu aliinuka akaenda hata hivyo, lakini nilimwona akirudi haraka.

Siku moja nikamuuliza, kalamu mkononi, "Mjomba, ukiwa pale kwenye maji unataka nini hasa?"

"Andika: anataka miraa."

"Hilo nililiandika siku ya kwanza."

Akacheka. Halafu akawaza, akautazama ule ukucha wake mrefu. "Vidole," alisema. "Vidole vinanisumbua kuliko kinywa. Havina kazi. Halafu wale watu, zile kelele zao. Na ile saa yenyewe. Zamani saa tisa nilikuwa nawageuza ng'ombe vichwa vielekee nyumbani, nawaza lango. Sasa kutoka saa tisa mpaka magharibi ni jangwa, Nuria. Mtu anavukaje peke yake?"

Nilimsomea Akko maneno yale kama nilivyoyaandika. Niliona tu ametazama juu, kwenye paa, ilipochomekwa fimbo.

Fimbo hakumpa. Lakini siku iliyofuata alimwekea fungu la makuti ya mlala yaliyochanwa. "Ndama wakija kuzaliwa hatuna kamba," alimwambia. Mjomba akaanza kusokota. Kamba ya kwanza ilikuwa na vinundu kama nyoka aliyemeza vyura. Ya pili ikanyooka. Siku ya tatu Mwaringa akatokea kwa mtumbwi, eti alikuwa anapita, na mahali penyewe hapapitiki kwenda popote.

Akko na Mwaringa waliongea kile Kiswahili cha kuokota ambacho watu wa Garsen wa lugha mbalimbali huelewana kwacho.

"Mama, hii kahawa mimi nakula ama nakunywa?"

"Wewe nakula. Meno iko?"

"Iko mama, lakini imechoka."

"Basi nameza kama kuku."

Mwaringa alimeza, akakohoa, akapigwa mgongo, akaomba nyingine. Tangu siku ile alikuja kila alasiri. Yeye hakujua kusokota, alishika ncha ya kamba na kupiga domo. Mfereji wa mtoni ukachimbwa upya, lori likanunuliwa upya, ila sasa nilikuwa nimekaa katikati yao na Akko anawakosoa. "Lori itapita wapi? Barabara imekunywa maji." Mama alikuja na maziwa. Mvua ikinyesha tulisogea wote ndani, magoti yanagusana, samli inanuka, na Mjomba anaulaumu moshi. Sijui kama wao walijua kwamba tulikuwa na furaha. Mimi nilijua, ndiyo maana niliandika mpaka kurasa zikakaribia kwisha.

Haikuwa njia iliyonyooka. Siku ya ishirini na tatu mtu mmoja alivuka kwa mtumbwi na bunda la miraa alilolipata sijui wapi, limefungwa kwenye majani ya mgomba, limeoza, limekuwa jeusi. Mjomba alilila lote, nyuma ya zizi, peke yake. Alitapika mpaka jua likazama. Tulimngojea Akko afungue mdomo wake. Akko alisema, "Buna iko motoni," basi.

Kesho yake Mjomba alinijia. "Jana umeniandikaje?"

Nikamsomea. "Siku ya ishirini na tatu, amekula."

"Na leo?"

"Leo, hajala."

"Hukuandika kwamba ameshindwa?"

"Mwalimu alisema tuandike tunachokiona tu."

Akaliangalia daftari ingawa kusoma hajui. Akachukua kisu, akaukata ule ukucha.

Ramadhani iliingia maji bado yapo. Buna ikahamia baada ya futari, na saa tisa ikabaki ya kamba tupu, kinywa kikavu. Nilidhani ataanguka. Alisokota kamba nyingi kuliko ndama wote wa Tana. Baada ya Idi maji yakaanza kurudi mtoni, yakaacha matope yanayomeza mguu mpaka gotini, na mbu, na maradhi ya mifugo yaliyotuhuzunisha. Halafu nyasi. Sijapata kuona nyasi kama zile.

Asubuhi moja Akko akamwambia, kama jambo dogo, "Wapeleke leo wewe." Mjomba akavunja kijiti kichakani, akawatoa. Jioni alipowarudisha, mama ndiye aliyekuwa langoni, na Mjomba akapita pembeni kama mgeni. Ikawa hivyo kila siku. Alichunga, alasiri aliwasogeza karibu na boma, akaja kula buna huku anawaona, akawarudia. Sote tulijua anachokitaka. Hakuwahi kukiomba.

Wiki ya mwisho kabla sijarudi shule, ng'ombe walikuwa wamefuata nyasi mbali, upande wa barabara. Nilikuwa nakunja sare zangu. Akko alikuwa amewasha moto, Mjomba bado hajaja. Ghafla ikalia.

Honi.

Nilikuwa nimeisahau sauti yake. Ndefu, ya furaha, kama mtu anayerudi safari. Mkono wa Akko ulisimama juu ya sufuria. Buni zilipasuka, tah, tah, hakuna aliyezikoroga, zikaanza kuungua.

Tulingoja. Saa kumi akaja Mwaringa, shavu moja limevimba.

"Wewe nakula," Akko alimwambia.

"Kidogo tu, mama. Macho yafunguke."

"Gollo iko wapi?"

Mwaringa akatazama chini, akafuta mikono kwenye kaptura yake. "Nilimwona barabarani, mama."

Akko aliepua sufuria. Mama alikwenda mapema kusimama langoni, akiwa amejifunika ushungi mpaka machoni.

Ng'ombe walikuja jua likiwa limeshuka, Mjomba nyuma yao. Alipofika hakupita pembeni.

"Bishara," alisema, "leo niachie mimi."

Mama alimtazama Akko. Akko akaitikia kwa kichwa. Mjomba akasimama langoni. Nilimchungulia mashavu, yalikuwa bapa, lakini hilo si kitu, miraa hutemwa. Ng'ombe walipita mmoja mmoja, vumbi likapanda. Wa mwisho akaingia. Mjomba aliendelea kuitazama njia tupu.

Nami nilikuwa nawaza: atasema "Wapo." Na tukisikia "Wapo" jioni hii, tutajuaje?

"Mmoja hayupo," alisema.

"Nani?" Akko aliuliza.

"Dimtu. Wa Nuria."

Dimtu alikuwa mtamba wangu, mwekundu, binti wa pekee wa Daalati.

"Ulikuwa wapi?"

"Barabarani." Hakuinamisha kichwa. "Honi ilipolia miguu ilikwenda yenyewe, mama. Nilisimama mbele ya mtu wa miraa. Alinipa bunda mkononi, akasema hili la kukukaribisha. Nikaona vidole vimeshaanza kumenya. Nikamrudishia. Lakini muda huo wote ng'ombe walikuwa peke yao. Ni mimi niliyempoteza."

Hakuna aliyekuwa amehesabu. Angesema "Wapo," tungekwenda kunywa chai, na fisi wangetueleza asubuhi.

Akko aliinuka, akishika kiuno, akaingia ndani. Tulimsikia akihangaika na paa. Alipotoka alikuwa na ile fimbo, ina masizi ya mwaka na zaidi. Akaipangusa kwa kanga yake, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Macho yamerudi," alisema. "Nenda kamtafute. Usiende mikono mitupu."

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili. Akachukua na kamba, akaondoka mbio, magoti mbele. Mwaringa alisimama kidogo pale, halafu naye akamkimbilia, akiita, "Ningoje, mwenehu! Wewe huoni, mimi ndiye macho yamefunguka!"

Walimkuta Dimtu kwenye mkondo uliokauka juu tu, amezama matopeni mpaka tumboni. Walimfunga ile kamba ya mlala, Mjomba akaingia matopeni kumsukuma, Mwaringa akavuta. Haikukatika. Wekundu wa jua ulikuwa bado haujafifia angani tulipowaona wakija, wote watatu rangi moja ya tope, na Mjomba akigongagonga fimbo chini kama zamani.

"Miraa nimeimeza yote," Mwaringa alimwambia Akko. "Nikivuta, nikaimeza. Hata bigijii."

"Nameza kama kuku," Akko alimjibu, akampa buna iliyoungua.

Mjomba alimwingiza Dimtu zizini. Akageuka. "Wapo," alisema.

Mwalimu alinirudishia daftari na alama nzuri, ila chini aliandika kwa wino mwekundu: "Kiumbe gani huyu?"

Hayo yamepita. Akko alitutoka mwaka uliofuata, na boma lile sasa lina watu wachache. Mwaringa bado hula miraa siku mbili tatu katika wiki, siku nyingine huenda kwa mama kuulizia kama kuna buna. Mjomba watu humwuliza, "Gollo, umeacha kweli?" Yeye husema, "Leo sijala." Wakisisitiza anawaambia habari ya kesho waiulize kesho.

Amewahamishia ng'ombe upande wa Ndera. Mwezi uliopita dereva mmoja alinipitishia shuleni mzigo kutoka kwa Mjomba: kamba ya mlala, laini, bila kinundu hata kimoja, ya kufungia sanduku langu la bati. Nilimwuliza dereva alimkuta wapi.

"Porini. Alasiri hivi. Amewasha moto mdogo, fimbo magotini, anang'ata vipunje sijui vya nini. Ananiambia nikae, huku anagombana na moshi."

Wasichana wa bweni wananicheka, wanasema wenzangu wana kufuli. Nawaacha wacheke. Wakienda michezoni saa tisa, mimi huinama nikainusa ile kamba. Bado inanuka samli.